Ng'ambo ya Kisiwa: Vivutio Vipo, Tarehe Hazipo

Siku hizi mgeni wa Mombasa hafikii kisiwani. Akija kwa ndege, atashuka Uwanja wa Moi, kule Port Reitz, ndani ya Changamwe. Akija kwa treni ya SGR, atashuka Miritini, iliyokuwa Changamwe hiyohiyo kabla Jomvu haijapewa jimbo lake katika uchaguzi wa 2013. Akielekea Diani, mpaka juzi hivi hakuwa na njia ila foleni ya feri ya Likoni. Akielekea Bamburi au Shanzu, atavuka daraja la Nyali aingie Kisauni. Sehemu ambazo watu wa mjini huzitaja kama vile wanataja shamba ndizo zinazompokea mgeni, zinazompitisha, na mara nyingi ndizo zinazomlaza.

Hata hivyo, ukimuuliza mgeni huyo alichokiona Mombasa, atakutajia Fort Jesus, Mji wa Kale na zile pembe za Moi Avenue, yaani kisiwa kitupu. Hata ukarabati mkubwa wa miaka ya karibuni ulifanyika kisiwani: bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa Oktoba 2019 wakati wa sherehe za Mashujaa. Mtu akiketi kwenye kingo zake jioni, anachokitazama ni Likoni, upande wa pili wa mlango wa bahari. Likoni ni mandhari ya bustani ya mwingine.

Maelezo ya kawaida ni kwamba ng'ambo hakuna cha kuona, na dawa inayopendekezwa kila mwaka wa bajeti ni kujenga: bustani, lango, sanamu, daraja la kioo, gari la waya. Sikubaliani. Ukizunguka Likoni, Kisauni na Changamwe utakuta vitu vya kutosha kumshughulisha mtembezi kwa wiki nzima. Kisichokuwepo ni siku. Mahali pasipo na siku yake panamngoja mgeni akumbuke. Jambo lenye tarehe humwita, naye hupanga likizo na nauli kulifuata. Ng'ambo ya Mombasa ina mahali pengi panapongoja.

Tuanze na kivutio kipya kuliko vyote, maana kinaonyesha pia bei ya kupendeza. Aliyekuwa akipita Makupa kwa matatu kabla ya 2018 anakumbuka namna abiria walivyofunga madirisha bila kuambiwa. Kibarani lilikuwa jaa la mji mzima: moshi, ndege wakubwa wakiparua mifuko, taka zikiteleza hadi kwenye maji ya hori. Mwaka ule kaunti ililifunga, ukamwagwa udongo, ikapandwa miti na nyasi, na mahali pale pakawa bustani. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja la Makupa kuchukua nafasi ya lile tuta la zamani lililokuwa limeziba mkondo kati ya Tudor na Port Reitz, na maji yakaanza tena kupita. Aliyeondoka Mombasa 2015 akarudi leo ataona lango la Changamwe limepata uso mwingine kabisa.

Ila taka hazikuyeyuka. Zilihamishiwa Mwakirunge, ndani ya Kisauni. Yaani sehemu moja ya ng'ambo ilipata bustani kwa sababu sehemu nyingine ya ng'ambo ilipata jaa. Mtalii anayepiga picha Kibarani hatapita Mwakirunge hata siku moja; hakuna barabara ya mtembezi inayokwenda huko. Ninalitaja hili kwa sababu hesabu za vivutio vipya huwa zinaandikwa upande mmoja tu wa daftari. Na hata hiyo bustani yenyewe, pamoja na uzuri wake, haina siku inayojulikana. Watu husimama jioni, hupiga picha, huendelea na safari. Hakuna anayesema, "Jumamosi fulani tukutane Kibarani, kuna jambo."

Bustani bora ya ng'ambo ilianza vilevile, kutoka kwenye kidonda. Kampuni ya saruji ya Bamburi ilianzishwa 1951, na kwa miaka mingi ilichimba mawe ya matumbawe mpaka ikaacha mashimo meupe yasiyoota hata jani. Mwaka 1971 Rene Haller, Mswisi mtaalamu wa kilimo, alipewa kazi ya kuyafufua. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizohimili chumvi na jua la mashimo yale ni tatu tu, na iliyozishinda zote ni mvinje. Tatizo likaja kwa majani ya mivinje: yalirundikana chini, hayakuoza, na pasipo kuoza hakuna udongo. Aliyeokoa kazi ni jongoo. Waliletwa majongoo wekundu wa pwani, wakala yale majani, wakayatoa yakiwa mbolea, na polepole sakafu ya jiwe ikapata udongo wa kuchimbika kwa kidole. Hapo ndipo ilipofuata miti mingine, mabwawa, samaki, twiga, viboko. Umma ulifunguliwa milango 1984.

Bustani hiyo, ambayo leo huitwa Haller Park, ilipata umaarufu wa dunia Desemba 2004, kiboko mchanga aliyeachwa baharini na vurugu za tsunami karibu na Malindi alipookolewa, akapewa jina la Owen, akaletwa Bamburi na kujibanza kwa kobe mzee wa Aldabra aitwaye Mzee. Vitabu vya watoto viliandikwa, picha zikazunguka mabara yote. Lakini tazama kilichotokea: tukio hilo halikuwahi kufanywa siku. Lingeweza kuwa siku ya watoto ya kila mwaka, shule za Kisauni zikija bure, mchezo wa kuigiza, mashindano ya kuchora. Likabaki kibao cha kusomwa. Na bustani hii ni mali ya kampuni. Desemba 2024 Bamburi Cement ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania. Kivutio kikuu cha Kisauni kimejengwa juu ya ardhi ambayo uamuzi wake unafanyika kwenye vikao vya wanahisa. Jambo lenye tarehe na wenyewe wengi lisingekuwa na hofu hiyo, kwa kuwa huwezi kuuza Jumamosi ya watu.

Kusini kidogo ya hapo kuna Bombolulu, iliyoanzishwa 1969 na kusimamiwa na Chama cha Walemavu wa Viungo nchini, ambako mafundi wenye ulemavu hutengeneza mapambo, nguo na vifaa vya mbao, na uani kumejengwa nyumba za kimila za makabila mbalimbali. Ni mahali pazuri, na mafundi wake hawahitaji huruma ya mtu; wanahitaji wanunuzi. Mabasi ya hoteli yalipopungua, nao walipungukiwa.

Wachongaji wa Changamwe wanaijua hadithi hiyo kwa undani zaidi. Chama cha ushirika cha Akamba Handicraft kiko kwenye barabara ya Port Reitz, njia ya uwanja wa ndege, tangu 1963. Uchongaji wa Wakamba wa namna hii hunasibishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyeupata Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kurudi nao Ukambani. Ukiingia mabandani utamkuta mchongaji ameketi chini, gogo amelibana kwa nyayo za miguu, tezo ndogo mkononi, na chini yake zulia la vumbi na vipande. Mmoja anatoa umbo la twiga kwa jicho tu bila kuchora mstari. Wa pili anakwaruza. Kina mama wanapiga msasa. Mwingine anapaka rangi ya kiwi. Kila kinyago kina namba ya mwenyewe, na kikiuzwa dukani fedha inafuata namba.

Kinachostahili kusimuliwa hapa kuliko twiga ni mti. Wachongaji walikuwa wakimaliza mpingo na muhugu, miti inayochukua miaka mingi mno kukua. Kuanzia miaka ya 1990 walianza kuhamia mwarobaini, unaoota haraka pwani nzima, hata uani kwa mtu, na ambao kila mama wa Mombasa ameuchemsha kutibu homa. Mwaka 2005 mbao za mwarobaini za wakulima wa pwani zilipata cheti cha kimataifa cha FSC, jambo la kuvutia kwa mnunuzi wa Ulaya anayeuliza mti umetoka wapi. Hapo pana maonyesho kamili: mti, dawa, chombo, mchongaji, mtoto wa shule akijaribu tezo. Na pako dakika chache tu kutoka uwanja wa ndege, njiani. Lakini mgeni anapitishwa hapo na dereva anayetazama saa, ananunua bakuli la saladi, anaondoka. Changamwe haijawahi kumpa sababu ya kulala.

Sababu zenyewe si za kutafuta mbali. Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio Thelatha Taifa, mmoja wa mihimili miwili ya Miji Kumi na Miwili ya Waswahili wa Mombasa. Wajomvu wamo katika Tisa Taifa. Jina la Changamwe lilikuwa la taifa la watu kabla halijawa la kiwanda cha kusafishia mafuta, reli na makontena. Leo mwendeshaji lori wa Kampala analijua kwa msongamano tu.

Sasa twende mahali ambapo ng'ambo ina siku, na siku zenyewe hazikupangwa na ofisi yoyote. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao hakuna anayeuita hivyo kwa kuwa kwa wenyeji ni Pirates, siku ya Idd pili au tarehe 26 Desemba hujaa mpaka mchanga hauonekani. Wenyeji hutazama maji kwanza. Bamvua ikiangukia sikukuu, maji yakajaa mchana, ufuo unakuwa mwembamba na watu wanabanana hadi kwenye mivinje; yakipwa, umati wote unahama kuelekea mwambani, na wazazi wanaanza kupiga kelele za "rudi!" kwa watoto waliokwenda mbali. Maboya meusi ya mipira ya matairi yanakodishwa kwa muda. Ngamia anapita kwa madaha. Kina mama wanaoga na madera yao. Kuna mihogo ya kukaanga iliyochanwa katikati ikatiwa pilipili na ndimu, viazi karai, mabuyu, achari ya embe, madafu yanayokatwa kwa panga mbele yako. Boti za chini ya kioo zinaita abiria wa kwenda kuangalia samaki wa hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa 1986 na ambayo watoto wengi wa Kisauni wanaoishi umbali wa matatu moja hawajawahi kuingia.

Ufuo huo, kwa maoni yangu, ndio kivutio kilichofanikiwa kuliko vyote ng'ambo, na hakimo kwenye vijitabu vya hoteli. Hakuna aliyeubuni. Umefanikiwa kwa sababu una mambo matatu ambayo miradi hukosa: kuingia ni bure, chakula ni cha mfuko wa kila mtu, na kila mtu anajua siku. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwisho wa Mei 2017, ilikuza mambo haya sana. Familia ya Nairobi inafika Miritini kwa muda wa saa tano hivi, na Desemba tiketi huisha wiki kadhaa kabla. Serikali ya kaunti huonekana Pirates siku hizo hasa kwa sura ya askari, filimbi na amri ya kuondoka jua likizama. Vyoo na taa huja nyuma ya amri.

Likoni ni kesi ngumu zaidi. Hadi miaka ya 1990 ufuo wa Shelly ulikuwa na wageni wake. Tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha kivukoni, na ghasia zilizofuata zikaua watu zaidi ya 100 na kufukuza maelfu kwa maelfu. Pwani nzima iliumia, ila sehemu nyingine zilipona. Diani ilijaa tena, Likoni haikurudi ilipokuwa. Miaka mitatu kabla ya hapo, 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilikuwa imezama na kuua watu 272. Tarehe ambazo Likoni inazo zote mbili ni za kilio.

Kwa miaka mingi uchumi mdogo wa Likoni ulisimama juu ya kungoja: feri imechelewa, basi nunua njugu, soda, miwani, kadi ya simu. Takriban watu 300,000 huvuka kwa siku, wanaokwenda kwa miguu wakivuka bure. Kisha miaka ya 2016 na 2017 likaja pendekezo la magari ya waya ya kuvukia juu ya mlango wa Kilindini, kivuko na kivutio kwa pamoja, kampuni ya Doppelmayr ya Austria ikitajwa. Halikujengwa. Kilichojengwa ni barabara ya Dongo Kundu, kutoka Miritini, juu ya madaraja ya Mwache na Mteza, hadi barabara ya Ukunda. Sasa basi la watalii linatoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi Diani bila kuona kivuko. Dereva anafurahi, mgeni anafurahi, na Likoni imepoteza hata ile faida ya kupitwa.

Wengine wanaliona hilo ni pigo. Mimi naona ni nafuu iliyojificha: mahali palipokuwa kituo cha kungojea sasa panaweza kujiuliza panataka kuwa nini. Mtongwe, kwa mfano, inajulikana na watu wa akiolojia kuliko inavyojulikana Mombasa yenyewe. Wataalamu wa Kijapani walichimba huko miaka ya 1980 wakatoa zana za mawe za kale mno, za kabla hakujawa na mji wala msikiti wala Mreno pwani hii. Hilo halihitaji jengo la makumbusho kwanza. Linahitaji siku moja ya wanafunzi wa Likoni kuonyeshwa mawe yale na mtu anayeyajua. Sengenya ya Wadigo nayo bado inapigwa ng'ambo ile, harusini na kwenye mikutano ya wanasiasa. Wanasiasa wanaielewa thamani ya ngoma vizuri sana; huwaalika wachezaji kila kampeni na kuwasahau siku ya pili.

Kwamba tarehe inaweza kufanya kazi ya jengo, Zanzibar imeonyesha. Tamasha la filamu la ZIFF lilianza 1998, Sauti za Busara 2004, na yote mawili yanatumia Mji Mkongwe uliokuwepo tayari. Lakini mfano unaoifaa ng'ambo yetu uko Makunduchi, kusini ya Unguja, mbali na mji. Kila Julai, Mwaka Kogwa, watu wa kijiji hugawanyika pande mbili wakapigana kwa mabua ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, kina mama hupita wakiimba, kisha vyungu hufunuliwa na mgeni hukaribishwa kula. Mji mzima huhamia shamba siku hiyo. Hakuna aliyewajengea lango. Lamu nayo ina Maulidi, na wageni hupanga safari zao kwa hesabu ya Mfungo Sita. Mombasa kwa miaka kadhaa ilikuwa na Carnival ya Novemba, ila misafara yake ilipita Moi Avenue. Kisiwani tena.

Ng'ambo, mahali palipo tayari kuliko kwingine ni Freretown. Baada ya mkataba wa 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alipopiga marufuku biashara ya watumwa baharini, jumuiya ya wamisionari ya CMS ilianzisha 1875 makazi ya waliokombolewa, wakiwemo Waafrika waliolelewa India. Kanisa la Emmanuel bado lipo, na kengele bado iko pale Kengeleni, njia panda ambayo maelfu hupita kila siku wakiwaza nauli. Watu wale walikuja bila ukoo mmoja wala lugha moja, wakafanya Kiswahili kuwa chao. Na mtaa huohuo ndio uliomtoa Joseph Ngala, Mzee Ngala, mpiga saksafoni aliyeipa pwani bango: midundo ya Mijikenda, chakacha na taarabu ndani ya pumzi ya jazi. Leo hakuna harusi ya Kikristo ya pwani inayokamilika bila bango, na waalikwa wengi hawajui kwamba walichokichezea kilizaliwa Kisauni.

Tarehe iko wapi? 5 Juni ina uzito wa historia, lakini masika huwa bado hayajakauka vizuri na shule zimefunguliwa. 23 Agosti, siku ambayo UNESCO huitumia kukumbuka biashara ya watumwa na kukomeshwa kwake, inafaa zaidi: mvua imekwisha, shule kwa kawaida zimefungwa, hoteli za Bamburi zina wageni, na ni mbali na msukosuko wa Desemba. Mchana ungekuwa wa kanisa, wazee wa mtaa na watoto, pamoja na matembezi kutoka kengele hadi makaburini. Jioni ingekuwa ya bango, uwanjani, bila tiketi.

Vikwazo ni vya kweli. Kisauni imesumbuliwa na makundi ya vijana wenye mapanga, na mtu hatakaa mpaka saa nne usiku kama hana uhakika wa kurudi nyumbani. Ardhi ya wazi imekwisha, viwanja vimeliwa. Na kuna hatari ya mdhamini mkubwa kuligeuza jambo kuwa bango la tangazo. Lakini Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma na utalii wa ndani ya kaunti, kwa hiyo hapa hakuna wizara ya Nairobi ya kusingizia. Ningependa siku yenyewe ibaki mikononi mwa kanisa na wazee wa Freretown, waandike ratiba wao na wagawe vibanda wao, kaunti nayo ilipe kile ambacho Pirates imekosa miaka yote: vyoo, taa za barabarani, na askari wa kusindikiza watu hadi kwenye matatu ya mwisho.